Mjakazi Aliyepiga Ukelele
Mjadala juu ya riwaya ya mapenzi, historia na fumbo

Watatu hawa nimewabuni, ila hoja zao sikuzibuni. Nimezisikia kwenye uzinduzi wa vitabu, kwenye foleni ya boti, hata msibani, mahali ambapo hazikupaswa kusikika. Wa kwanza ni Maalim, mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa Ng'ambo, mwenye tabia ya kusahihisha tarehe ya mwenzake kabla hajaitikia salamu. Wa pili ni Mtunzi, mwanamke aliyevuka thelathini, ana hadithi fupi kadhaa zilizochapwa na muswada mmoja usiokwisha. Wa tatu ni Muuza Vitabu wa Kariakoo, aliyevuka bahari kwa shughuli zake akakaribishwa kahawa barazani.

Muswada wenyewe unamhusu Sayyida Salme binti Said. Kwa aliyesahau: alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, ni Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo. Salme alipokuwa na miaka 15 aliingia katika njama ya ndugu yake Barghash ya kumpindua ndugu yao Majid. Njama ikashindwa. Baadaye akapendana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Akashika mimba. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 akapanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akaenda zake Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na akaolewa siku hiyo hiyo. Kumbukumbu zake alizichapisha Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Alifia Jena mwaka 1924.

Swali lililo mezani ni hili: kisa cha namna hii kinastahili kugeuzwa riwaya ya mahaba na fumbo, au kiachwe kwa wanahistoria?

MUUZA VITABU: Mniwie radhi, lakini mimi hapo pa kubishana sipaoni. Binti wa mfalme, Mjerumani wa nyumba ya pili, mimba, manowari usiku. Nikiletewa kitabu hicho kwa Kiswahili kilichonyooka, chenye jalada la kueleweka, naagiza hata kabla sijakisoma.

MAALIM: Na mimi ndiyo maana nabisha. Kitabu kinachoagizwa kabla hakijasomwa, ujue kimekwishaandikwa mara nyingi. Mwaka 1963 M. M. Kaye, Mwingereza, alitoa Trade Wind. Mambo yake yanatokea hapa hapa Unguja, mwaka 1859, wakati wa njama ya Barghash, na Salme mwenyewe yumo. Lakini kisa si chake. Kisa ni cha binti wa Boston aitwaye Hero, aliyekuja kupiga vita utumwa, na nahodha mmoja wa Kiingereza anayesafirisha watumwa. Nahodha anambaka yule binti kwa kulipiza kisasi, kisha kitabu kinamalizika wakiwa wapenzi. Wajerumani nao hawakubaki nyuma: Nicole Vosseler, 2010, Sterne über Sansibar. Nyota juu ya Zanzibar! Ukilisikia jina tu unajua kwamba humo ndani mvua haitanyesha.

MTUNZI: Maalim, kile cha Kaye nimekisoma, na pale pa nahodha nilikitupa kitandani. Sikitetei. Lakini kuna jambo moja yule mama alilishika. Kabla ya hapo, mwaka 1959, alikwisha kuandika The House of Shade, ambayo siku hizi inaitwa Death in Zanzibar: mauaji, dhahabu iliyofichwa, nyumba ya kale ya Unguja. Alijua kwamba mji huu ni mji wa fumbo. Milango miwili, ya barabarani na ya uani. Ngazi za siri. Dari moja inatazama dari nyingine. Wenyeji amewaweka, ila siri amewapa wageni. Sasa kwa sababu Mwingereza kaandika na Mjerumani kaandika, sisi tukae tukitazama?

MAALIM: Sikusema mkae. Nimesema asiandikwe kimahaba. Wewe mwanangu ukisema mahaba, msomaji anashika roho yake mkononi anasubiri wawili wapatane. Kila kitu kingine kinakuwa pambo. Utumwa unakuwa pambo. Karafuu inakuwa harufu nzuri, haina tena mchumaji.

Hapa lazima niingie kidogo, kwa kuwa Maalim ameligusa jambo ambalo fasihi yetu wenyewe imelizunguka kwa muda mrefu. Upelelezi tunao, na asili yake ni Unguja: Muhammed Said Abdulla alimtoa Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na tangu hapo akawa anafungua siri za watu riwaya baada ya riwaya. Mapenzi tunayo ya kumwaga. Historia tunayo. Yote matatu katika chungu kimoja, si mara nyingi. Adam Shafi alifanya hivyo katika Vuta n'kuvute, 1999: Yasmin anayemkimbia mume mzee, Denge mpigania uhuru, makaratasi yaliyopigwa marufuku yakipita mkono kwa mkono, na Inspekta Wright nyuma yao. Mwaka 2021 Amil Shivji akaifanya filamu. Mle ndani mapenzi hayaipambi siasa. Yasmin akimngoja Denge, na polisi wanamngoja Denge. Saa ni hiyo hiyo na mlango ni huo huo, na msomaji hajui ni nani atakayebisha hodi kwanza. Ila Unguja ya miaka ya 1950 mwandishi alikulia ndani yake. Unguja ya 1866 hakuna wa kumuuliza. Ndipo ugomvi wa Maalim na Mtunzi unapoanza kuwa mkali.

MTUNZI: Mimi sitaki msomaji asubiri wapatane. Anajua kwamba walipatana. Kila mtalii anaelezwa. Nataka ajiulize swali jingine: nani alijua?

MUUZA VITABU: Alijua nini, dada?

MTUNZI: Mimba. Huyu hakuwa mwanamke wa kuishi peke yake chumbani. Alikuwa na nyumba yake mjini, na watumwa wake wa kumkanda, wa kumfukiza udi, wa kumpikia, wa kumfulia. Mwanamke anaweza kuwaficha ndugu zake wa kiume kwa miezi, hasa wa Kiomani ambao hawaingii kwake bila kubisha. Lakini anayekufulia nguo, humfichi. Mwezi wa kwanza kitambaa hakikuja. Mwezi wa pili hakikuja. Mwezi wa tatu anajua kabla hujamwambia, na pengine alijua kabla yako. Kwangu huyo ndiye mpelelezi wa kwanza wa riwaya hii, na hakuna konseli aliyewahi kumuuliza jina.

MAALIM: Hilo umelisema vizuri. Lakini Salme mwenyewe, katika kitabu chake, mimba hakuitaja. Mtoto yule wa kwanza aliyezaliwa Aden, akafa safarini wakielekea Ujerumani, naye hakumtaja. Kitabu kizima, tangu Mtoni mpaka Hamburg, hamna. Mtu akijisitiri, wewe nani hata umvue? Sisi hapa tumefundishwa sitara. Marehemu hasemwi, na aliyefunga mlango hafunguliwi.

MUUZA VITABU: Mzee wangu, amekufa miaka mia moja.

MAALIM: Na wajukuu wa watoto wake wako hai. Hata wasingekuwepo. Sitara haina tarehe ya kwisha.

MTUNZI: Sawa, Maalim, naikubali sitara. Ila tuangalie alijisitiri mbele ya nani. Mwaka 1886 alikuwa mjane, Ruete amekufa kwa ajali ya tramu tangu 1870, ana watoto watatu wa kulea katika nchi ya watu. Anauza kitabu kwa Wajerumani wa zama zile. Angeandika kwamba alitoka kwao na mimba ya nje ya ndoa, wangemsoma kwa jicho gani? Ukimya ule ulikuwa nguo ya kutokea barabarani. Na makaratasi ya ubalozi wa Uingereza yalikwisha kusema yote, kwa mkono wa wanaume. Yaani siri yake ilishavuliwa, na waliomvua hawakumjua wala hawakumpenda. Mimi nikikaa kimya, wao ndio wanaobaki na neno la mwisho.

Nakiri hoja hii ilinitikisa. Haikumtikisa Maalim. Alinyanyua kikombe, akakitazama, akakiweka bila kunywa, na badala ya kujibu akaanza kusimulia.

MAALIM: Mnataka njama? Njama ya kweli ninayo, haina haja ya kuongezwa chumvi. Mwaka 1859. Sayyid Said amekufa baharini miaka mitatu nyuma. Majid ndiye mfalme hapa, Thuwaini yuko Oman, na Barghash hakubali kuwa mtu wa tatu. Dada yao Khole yuko upande wa Barghash, na Salme anamfuata Khole kwa kuwa anampenda kuliko nafsi yake. Salme ana kitu ambacho binti yeyote wa kasri hakuwa nacho: anajua kuandika. Alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Kwa hiyo akafanywa karani wa fitina. Barua za kwenda kwa masheikh, barua za kuagiza silaha, mkono ni wake, mtoto wa miaka 15.

Majid akapata habari. Nyumba ya Barghash ikazungukwa na askari, maji na chakula shida. Siku moja usiku Khole na Salme wakatoka na kundi la wanawake wao, wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango uliozingirwa. Askari wakawazuia. Khole akawasemesha kwa ukali, mabinti wa Sayyid Said wasimamishwe njiani na nani? Wale wakatahayari, wakawapa ruhusa ya kitambo kidogo. Ndani humo Barghash na mdogo wake Abdulaziz wakavishwa shela, yakabaki macho. Na sikilizeni hapa: wakachaguliwa wanawake warefu kuliko wote watembee karibu ya Barghash, ili urefu wake usionekane. Wakapita katikati ya askari taratibu, kama wanavyopita wanawake. Walipofika nje ya mji, Barghash akavua shela akapotelea gizani. Akapigana kwenye shamba la Marseilles, Waingereza wakamsaidia Majid, akashindwa, akahamishiwa Bombay.

MUUZA VITABU: Lahaula! Sasa mzee, si ndiyo riwaya hiyo?

MAALIM: Ni historia.

MTUNZI: Tofauti yake nini?

MAALIM: Shahidi.

MTUNZI: Shahidi wa wale wanawake warefu ni mmoja, Maalim. Salme. Naye alikuwa mshitakiwa katika kesi hiyo hiyo, na alikuwa akiandika miaka zaidi ya ishirini baadaye, wakati Barghash ndiye mfalme na amekataa kumpa urithi wake. Unamwamini kwa neno gani?

Kimya. Muuza Vitabu aliagiza kahawa nyingine na kashata, ingawa hakuna aliyeomba.

Nadhani hapa ndipo penye kiini, na nasema kwa maneno yangu, si ya wageni wangu. Watu huona kwamba mahaba na fumbo ni ndugu wawili wanaokuja kuiharibu historia pamoja. Mimi naona wanavutana. Mahaba humtaka msomaji aamini: macho yaligongana kutoka dari hadi dari, moyo ukaenda mbio, yakawa. Fumbo humtaka msomaji ashuku: dari ya nani iko juu zaidi? Nani mwingine alikuwa darini? Salme anaeleza kwamba kutoka kwake aliona karamu za wanaume nyumbani kwa Ruete, barabara baina yao ikiwa nyembamba. Mwandishi wa mahaba ataishia hapo. Mwandishi wa upelelezi atauliza mtaa mzima uliona nini, maana dari za Mji Mkongwe hazina pazia. Riwaya ya zamani ikibebwa na mahaba peke yake inaota mafuta. Upelelezi ndio unaoipunguza mwili, kwa sababu kanuni ya upelelezi ni kali kuliko ya historia ya kitaaluma: kila unachokifungua mwishoni lazima msomaji awe alipita mbele yake. Mwandishi hana ruhusa ya kutoa ufunguo mfukoni.

Mtunzi analijua hilo, ndiyo maana muswada wake umechelewa.

MTUNZI: Kuna usiku wenyewe wa kuondoka. Kwanza alijaribu kwa meli ya Hamburg, mpango ukavunjika, Salme anasema hivyo mwenyewe. Mpango ukivunjika, kuna aliyejua. Halafu ikaja Highflyer, na mke wa Dokta Seward, kaimu konseli wa Uingereza, akawa msaada wake. Lakini binti wa kifalme, usiku, anafikaje ufukweni bila kuulizwa?

MAALIM: Siku ya Mwaka.

MTUNZI: Naam.

MUUZA VITABU: Siku ya Mwaka ipi? Mwaka Kogwa si Julai? Mimi nimepeleka vitabu Makunduchi wakati wa sherehe, ilikuwa Julai.

MAALIM: Kijana, huo mwaka wa Nairuzi una siku 365 kavu, hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne kama huu wa Kizungu. Kwa hiyo kila miaka minne unarudi nyuma siku moja. Makunduchi leo wanakoga katikati ya Julai. Rudi mpaka 1866, zinapatikana siku 39 au 40. Hesabu kutoka katikati ya Julai uende mbele siku hizo, unaangukia wapi?

MUUZA VITABU: (anahesabu kwa vidole) Ishirini na kitu Agosti.

MAALIM: Hiyo. Usiku ambao kila mwanamke wa mji huu ana haki ya kushuka pwani kukoga mwaka. Mtu akikutana na Sayyida na wajakazi wake njiani kuelekea baharini, atasema nini? Atasema heri ya mwaka.

Ningependa msomaji aone kilichotokea hapo. Mwanahistoria aliyekuja kuipinga riwaya ndiye aliyeipa kidokezo kizuri kuliko vyote, na amekitoa kwa hesabu, hakukitoa kwa kubuni. Kidokezo cha namna hii msomaji wa Makunduchi anaweza kukihakiki kwa kalenda ya ukutani. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba ukweli unaibana hadithi. Hadithi iliyobanwa vizuri husimama yenyewe.

MTUNZI: Basi wakafika pwani. Mashua ya manowari inangoja. Inasimuliwa kwamba Salme alikuwa na wajakazi, na wale walipowaona mabaharia wa Kizungu wakaelewa kwamba hapa si kukoga mwaka. Mmoja alizibwa mdomo akapakiwa. Mwingine akaponyoka, akakimbia akipiga ukelele.

MAALIM: Hiyo ni kauli iliyopita ubalozini. Isome kwa tahadhari.

MTUNZI: Naisoma kwa tahadhari. Lakini ona, wote walioandika mahaba haya wameingia na Salme kwenye mashua. Kila mmoja! Wanakwenda naye Aden, kwa yule mume na mke wa Kihispania waliompokea; wanamngoja Ruete aliyebaki hapa akifunga hesabu za biashara; wanapanda naye kwenda Ulaya. Yule aliyepakiwa kwa nguvu anakuwa mzigo. Yule aliyekimbia anakuwa sauti. Sentensi moja, basi. Mimi riwaya yangu inarudi naye mjini.

MAALIM: Hapo nakuogopa zaidi. Kwa sababu utampa maneno yako. Nimechoka na wajakazi wa riwaya wanaozungumza kama wamehudhuria semina. Mjakazi wa 1866 hasemi haki zangu. Na asimchukie bibi yake kwa ajili ya kutufurahisha sisi, wala asimpende kwa ajili ya kuwafurahisha watalii.

MTUNZI: Unakumbuka sura ya utumwa katika kitabu cha Salme?

MAALIM: Naikumbuka. Anautetea. Anasema utumwa wa kwetu haukuwa kama wa Marekani, Wazungu wameharakisha kuufuta, wanafiki, na kadhalika. Na mama yake mwenyewe alikuwa mtu wa kununuliwa.

MTUNZI: Sasa mwanamke aliyeandika sura ile ndiye huyo huyo aliyesimama pwani wakati mjakazi wake anazibwa mdomo. Mimi sina haja ya kumpa mjakazi hotuba. Nikiziweka kurasa hizo mbili jirani, inatosha. Mapenzi yanabaki mapenzi, sitayapunguza. Alimpenda yule Mjerumani kwa kila alichokuwa nacho, na alilipa. Lakini nani mwingine alilipa bila kuulizwa?

Maalim hakuwa mtu wa kusema "umenishinda". Alichosema ni kwamba basi angalau asivishe watu buibui, kama alivyoona katika riwaya moja ya miaka ya karibuni; buibui lilikuja baadaye, mabibi wa zama za Majid walivaa shela na barakoa. Mtunzi akasema barakoa imo, hata uzi wake wa dhahabu umo. Nikaona kwamba mapatano ya watu wa aina hii hupita mlango wa uani.

Muuza Vitabu ndiye aliyebaki na shaka, na shaka yake ina uzito kuliko tunavyopenda kukubali. Yeye ndiye anayekaa na vitabu visivyouzika.

MUUZA VITABU: Niwaulize kitu cha kibiashara. Kisa hiki kina mwisho mkubwa. Mwaka 1875 Barghash anakwenda London, dada yake anamfuata, Waingereza wanamzuia wasionane, wanamwahidi mambo kisha wanageuka. Mwaka 1885 Bismarck anamleta hapa na manowari za Kijerumani, amefanywa kisingizio cha kumtisha kaka yake. Anauona mji wake, na kaka yake hampokei. Anazikwa Hamburg, na katika vitu vyake wanakuta mchanga wa kwao. Msomaji wangu wa Kariakoo atalia mpaka basi. Wewe dada unataka kuyaacha yote hayo umfuate mjakazi anayekimbia?

MTUNZI: Hayo kayaandika mwenyewe, na aliyoyaacha kayaandika kila mtu. Anayetaka mchanga ataupata.

MUUZA VITABU: Na mjakazi wako, mwisho wake unaujua?

MTUNZI: Siujui.

MUUZA VITABU: Kitabu cha fumbo kisicho na jibu?

MTUNZI: Jibu lipo, ila si la swali unaloliuliza. Umesoma Desertion ya Gurnah? Mzungu anaokotwa alfajiri katika mji wa pwani mwaka 1899, anapendana na Rehana. Anayesimulia anafika mahali anakiri wazi kwamba hajui wawili hao walianzaje, anajaribu kuwaza. Hakuna anayetupa kitabu pale. Msomaji anaona: aha, hapa daraja limekatika, na huyu ananionesha lilipokatikia. Mimi nami nitamwonesha. Mpaka alfajiri ya tarehe 25 nitajibana na ushahidi. Baada ya hapo nitasema kwamba nabuni.

MAALIM: Alfajiri hiyo iweje?

MTUNZI: Ukelele umesikika. Mtu wa kwanza kufungua dirisha simjui bado. Habari inafika kasri. Yule mjakazi anakamatwa, anaulizwa.

MAALIM: Anaulizwa na nani? Usije ukamwekea polisi. Polisi hapakuwa na polisi. Weka askari wa Kibaluchi, na weka mtu mzima wa kasri mwenye kujua kuhoji wanawake, yaani mwanamke mwenzake. Hapo ndipo penye hatari; mwanamume angedanganywa.

MTUNZI: (anaandika) Mwanamke mwenzake. Hilo sikuwa nalo.

MAALIM: Na atamuuliza ya mimba mapema sana. Kabla ya mashua, kabla ya Mjerumani.

MTUNZI: Atasema hajui.

MUUZA VITABU: Anajua?

MTUNZI: Nguo alifua yeye.

MAALIM: Basi yule mhoji naye aombe aoneshwe mahali nguo zinapofuliwa. Asimwulize tena. Aende kisimani, ahesabu vitambaa.

MUUZA VITABU: Hesabu ya vitambaa inamfikisha kwa Mjerumani?

MAALIM: Inamfikisha mwezi gani ilianza. Akishaujua mwezi, atauliza mwezi huo mlango wa uani ulikuwa na bawabu gani. Bawabu ana ndugu, ndugu ana deni kwa Mhindi, Mhindi anauziana na nyumba ya Hamburg. Mwanangu, mbona huandiki?